Meno ya Mama Simu

Katika nyumba ile ya wazee walikuwamo watu thelathini na wanane, na ni mmoja tu aliyetamba kwamba meno yake yote yaliota yenyewe kinywani mwake. Huyo alikuwa Mama Simu. Alikuwa amefanya kazi ya opareta wa simu kwa miaka thelathini na moja, enzi za kuchomeka waya huku na kuchomoa kule, na hadi leo alizungumza kana kwamba kuna mkubwa fulani upande wa pili anamsikiliza. Akicheka, mwanya ulionekana katikati ya meno mawili ya mbele, mwembamba, wa kupendeza, na wanawake wenzake walimwonea wivu wa wazi. "Sabini na tisa," alikuwa akisema, "na bado navunja njugu kwa meno yangu." Alikuwa akitia chumvi. Meno yale yalitengenezwa na fundi miaka sita nyuma, ya juu na ya chini, na mwanya aliuagiza mwenyewe. Fundi alishangaa, akamwambia kwamba watu huja kwake kuziba mianya, si kuichonga. Mama Simu akamjibu kuwa mdomo ni wake.

Siri hiyo haikumpa shida kuitunza, maana hakuna aliyeitafuta. Siku aliyoletwa na binti yake, kwenye fomu ya kuingilia palikuwa na neno "meno" na nafasi ndogo mbele yake, akajaza mwenyewe: yapo. Kwa miaka minne walimpima presha, sukari, uzito na hata upana wa kifundo cha mguu, lakini hakuna aliyewahi kumwambia afungue kinywa. Jioni alijifungia bafuni, akayasugua, akayaloweka kwenye kikombe nyuma ya sabuni, na alfajiri kabla wenzake hawajaamka yalikuwa yamesharudi mahali pake. Mtu wa kufa na tai shingoni hana kazi kubwa mahali ambapo hakuna anayemtazama.

Tatizo lilianza kwenye kiganja. Kiganja cha mkono wa kulia kilivimba kwa baridi yabisi, mswaki ukawa haushikiki, na Mama Simu akalazimika kumwingiza mtu wa pili kwenye siri. Akamchagua mhudumu mpya, msichana mpole aliyekuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio na ambaye alikuwa bado anabisha hodi kabla ya kuingia chumbani. Kila jioni Mama Simu alimkabidhi kitu kilichofungwa kwenye leso. Asubuhi leso ikarudi. Mambo yakaenda hivyo kwa wiki saba bila tatizo.

Halafu ikaja Jumamosi ya maji kidogo.

*

Asubuhi ya Jumapili alipoyatia kinywani, alijua kabla hajafunga mdomo. Yalikuwa mapana na mazito, yakatembea juu ya fizi kama viatu vya mtu mwingine. Alijaribu kusema "njoo hapa," yakagongana. Alijaribu "sikiliza," ukatoka mluzi.

"Binti," alisema akiwa ameshika taya kwa mkono, "haya si yangu."

Mhudumu aliacha shuka aliyokuwa akiitandika. Wote wawili, bila kuambizana, wakageuka kutazama kitanda cha dirishani. Pale alikuwa ameketi mwenzake Mama Simu wa chumba, mshonaji wa zamani ambaye hakuwa amesema neno kwa mwaka mzima na ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi Kimya. Alikuwa akisubiri uji wake huku akiuchekea mwanga, na katikati ya tabasamu lake kulikuwa na mwanya.

"Mungu wangu," mhudumu akanong'ona. "Maji jana yalikuwa ya ndoo moja, mama. Nikayatia yako na yake kwenye beseni moja, ili nisimwage mara mbili. Nikajua nitayatambua."

"Ukayatambua?"

"Yakiwa ndani ya maji yanafanana."

"Basi yatoe. Mletee yake, mimi nipe yangu, na tusiongee zaidi."

Mhudumu alikwenda, akapiga magoti mbele ya Bibi Kimya, akambembeleza kwa majina yote mazuri aliyoyajua. Bibi Kimya alifumba mdomo kama mtoto anayekataa dawa. Meno yale yalikuwa madogo kwake, yamembana, na inaelekea kubanwa huko kulimpendeza, kwa sababu mhudumu alipoingiza kidole pembeni mwa mdomo alikitoa kina alama mbili nyekundu.

"Nimwite Matroni?" aliuliza huku akipuliza kidole. "Yeye huwa anamuweza."

"Usithubutu."

"Lakini mama..."

"Majaribio yako yamebaki muda gani?"

"Mwezi mmoja."

"Basi ukimwita, wewe unamwaga unga na mimi nachekwa. Tunyamaze. Kesho ataamka vizuri, utayatoa."

Ndivyo walivyokubaliana, kijana kwa kuogopa kupoteza kazi na mzee kwa kuogopa kupoteza sifa. Kila mmoja akaona mwenzake ndiye aliyemshikilia.

*

Kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa akimngoja Mama Simu kila siku saa tatu asubuhi, kwenye mlango wa ukumbi wa kulia chakula. Alikuwa mpima ardhi mstaafu, mrefu, mwenye kofia ya jua hata ndani ya nyumba, na wote walimwita Mzee Mpima. Macho yake yalikuwa yamebaki na vivuli tu. Alimshika Mama Simu kiwiko, wakatoka, wakapita penye kamba za kuanikia nguo, wakafika langoni, wakarudi. Yeye alihesabu hatua na Mama Simu alieleza kinachoonekana: nani amefua nini, gari gani limesimama nje, mlinzi amelala au amejifanya amelala. Mzee Mpima alipenda kusema kwamba sauti ile ingeweza kumvusha mtu barabara yenye malori. Mama Simu alijifanya hasikii, kisha siku iliyofuata alieleza kwa ufasaha zaidi.

Jumapili ile mhudumu alirudi chumbani akasema, "Mzee anakuulizia."

"Mwambie nina mafua."

Jumatatu: "Anakuulizia tena, mama. Amesema mafua hayamsumbui."

"Mwambie nimelala."

"Amesimama pale tangu saa tatu kasoro."

"Wewe ni mhudumu wa nani, wangu au wake? Usiniletee tena salamu za mlangoni."

Alisema hivyo kwa mkono uliofunika mdomo, na maneno yakatoka yamelowa, nusu yake mluzi. Angeweza kwenda. Yule mzee hakuwa na macho ya kuona kinywa cha mtu. Lakini hapo ndipo hasa palipomuuma: kitu pekee ambacho Mzee Mpima alikijua kwake ni sauti, na sauti ndiyo iliyoharibika. Mbele ya wengine angekuwa mzee asiye na meno kama walivyo wao. Mbele ya Mzee Mpima angekuwa mtu mwingine kabisa.

Kwa hiyo alikaa chumbani. Chakula alikitaka kiletwe huko. Nyama ilirudi kama ilivyokuja, mkate ulirudi bila kiini, uji ulinywewa nusu. Meno ya Bibi Kimya yalimchubua fizi upande wa kushoto, kisha upande wa kulia, na bado aliyavaa kutwa nzima, maana mtu angeweza kuingia wakati wowote.

Binti yake alipiga simu kama kawaida yake ya Jumapili. Mama Simu, ambaye hakuwahi kuacha simu iite mara tatu, alitikisa kichwa. Mhudumu akasema mama amepumzika. Jumapili iliyofuata binti hakumtaka mama, alimtaka Matroni. Matroni, mwanamke mwenye moyo mzuri na kazi nyingi kuliko saa za siku, alimwambia kwa upole kwamba wazee hufika mahali wakaanza kujizima wenyewe, na kwamba familia hazipaswi kujilaumu.

*

Bibi Kimya hakuamka vizuri kesho yake wala kesho kutwa. Jumatano alipandwa na homa, Alhamisi akawa anapumua kwa shida, na kila mkono uliosogea karibu na uso wake aliung'ata. Mhudumu alijaribu mara tatu. Ijumaa mchana Bibi Kimya alikata roho, kimya kama alivyoishi, na Mama Simu aliyekuwa kitanda cha pili alidhani amesinzia.

Jumamosi mwili uliwekwa kwenye ukumbi mdogo ili watu waage. Mama Simu hakuwa ametoka chumbani siku saba, lakini huyu alikuwa mwenzake wa chumba, asingeweza kukosa. Alijitanda mtandio hadi puani, akajivuta ukutani hadi kwenye ukumbi, akajipanga mstarini nyuma ya wapishi.

Mtoto wa marehemu, mwanamume mnene wa makamo aliyekuwa akija mara moja kwa mwezi, alisimama penye kichwa cha mama yake akifuta jasho na machozi kwa kitambaa kimoja.

"Tazameni," alimwambia kila aliyepita. "Tazameni uso wake. Mama alikuwa hacheki tangu baba afariki. Sasa anacheka. Mmemtunza vizuri jamani. Asanteni."

Mama Simu alifika, akainama. Midomo ya Bibi Kimya ilikuwa imeachana kidogo, na pale katikati mwanya ulikuwa ukimtazama. Alijiona yeye mwenyewe amelala pale. Akashika ukingo wa jeneza.

"Mlikuwa marafiki?" mtoto wa marehemu akamuuliza.

Mama Simu aliitikia kwa kichwa.

"Aliwahi kukuambia chochote? Kuhusu mimi?"

Hilo lilikuwa swali la mtu anayejua kwamba hakuja inavyotosha. Mama Simu angeweza kumjibu kwamba mama yako hakuwa akisema na mtu. Angeweza pia kumwambia, mwanangu, samahani, hayo meno ni yangu, naomba yatolewe kabla hamjafunga. Alimtazama yule mtu na kitambaa chake kilicholowa, akaona haiwezekani. Mtu hawezi kumpora mwenzake tabasamu la mama yake kwa ajili ya kutafuna mkate. Na tena, ukumbi ulikuwa umejaa.

"Alikupenda," alisema ndani ya mtandio. Wakafunga jeneza, wakabeba, wakaenda.

*

Siku ya fomu ilikuwa kila baada ya miezi mitatu, na kila mtu mle ndani aliiogopa hata kama aliifanyia mzaha. Daktari wa nje alikuja, akaketi na Matroni, wakapita kwa kila mzee na karatasi yenye safu: kuoga, kuvaa, kula, kutembea, kwenda chooni, kuzungumza. Kila safu ilikuwa na alama zake. Aliyepata za kutosha alibaki jengo la juu, kwenye kitanda chake, na nguo zake kwenye kabati lake. Aliyepungukiwa alishushwa jengo la chini. Huko vitanda vilikuwa na vyuma pembeni, nguo zilifuliwa pamoja na kugawiwa kwa vipimo, na televisheni ilizungumza kutwa na watu ambao hawakuitazama. Hakuna aliyewahi kushushwa akapanda tena.

Siku mbili kabla, Matroni alikuja kuketi kitandani kwa Mama Simu.

"Mama, nakuona unavyopungua. Huendi ukumbini, huvai, hutembei. Kula ndiyo kabisa. Chini kuna watu wa kukulisha."

"Sitaki kulishwa."

"Si adhabu, mama. Ni uangalizi."

Matroni alisema hivyo kwa nia njema, na ndiyo maana Mama Simu aliogopa. Ukali angeuweza, alikwisha kugombana na mawaziri kwenye waya. Alikesha na jambo hilo, akalipindua huku na huku, na ilipofika asubuhi ya siku ya fomu alikuwa amepiga moyo konde. Atasema. Watu wacheke wachoke, lakini kitandani kwake haondoki.

Walianza na upande wa wanaume. Walipofika kwake ilikuwa karibu saa sita. Daktari alikuwa kijana mwenye miwani, Matroni amebeba faili, na mhudumu amesimama mlangoni na beseni la taulo.

"Mama, leo ni siku gani?" daktari akauliza.

"Jumapili. Tarehe sita."

"Vizuri. Kwa nini huli?"

"Sina meno."

Matroni akatabasamu. "Mama Simu, wewe ndiye mwenye meno kuliko sisi sote."

"Yangu yamezikwa."

Kalamu ya daktari ilisimama. "Yamezikwa wapi, mama?"

"Kwenye kinywa cha Bibi Kimya."

Matroni na daktari walitazamana juu ya kichwa chake, ile namna watu wazima wanavyotazamana mtoto akisema ameona jini. Daktari akaandika neno moja. Mama Simu alikuwa amesoma karatasi za wakubwa kichwa chini kwa miaka thelathini na moja. Neno lilikuwa: amechanganyikiwa.

"Sijachanganyikiwa."

"Hakuna aliyesema hivyo, mama."

"Umeandika."

"Mama yangu," Matroni akasema taratibu, "meno yako ni yako. Nyumba nzima inajua. Ni wewe umetuambia, kila siku iendayo kwa Mungu. Na hapa kwenye faili," akafunua, "mwandiko wako mwenyewe: yapo."

Hapo Mama Simu aliona jinsi alivyojifungia mlango kwa mkono wake. Kila aliyemtambia kwa miaka minne angekuwa shahidi dhidi yake. Alimtazama mhudumu. Msichana alikuwa akitazama viatu vyake. Ingetosha kumtaja. Mama Simu hakumtaja. Aliingiza vidole kinywani, akatoa ya juu, kisha ya chini, akayaweka juu ya fomu.

 Mashavu yalimwingia ndani, kidevu kikapanda karibu na pua, na uso uliokuwa wa mwanamke mwenye majivuno ukawa wa kikongwe. Alijua unavyoonekana. Aliuacha uonekane.

"Mimi ndiye," mhudumu akasema toka mlangoni. Alikuwa analia tayari. "Niliyaosha kwenye beseni moja. Ya Bibi na ya mama. Nikayapishanisha. Ya mama huyu ndiyo yamezikwa. Hajachanganyikiwa."

Matroni aliinuka, akafunga mlango. Jambo la kwanza alilosema ni kwamba mtoto wa marehemu asije akasikia. Kisha akaketi na mkono kwenye paji la uso. Daktari alikuwa ametoa tochi mfukoni.

"Fungua kinywa, mama."

Akamulika kushoto, akamulika kulia. "Hivi vidonda vina muda gani?"

"Wiki tatu."

"Na umekaa navyo?" Kisha akamgeukia Matroni. "Kwenye fomu hii kinywa kinaandikwa wapi?"

"Hakuna safu yake, daktari."

"Miaka yote?"

"Fomu tumeikuta hivyo."

Daktari alikata lile neno alilokuwa ameandika, akachora mstari pembeni ya karatasi kwa kutumia ukingo wa faili, akaandika humo kwa herufi ndogo mpaka nafasi ikaisha. Mama Simu angebaki juu. Angepakwa dawa, angekula vitu laini, na fundi wa meno angeitwa, ingawa kwa foleni iliyokuwepo isingekuwa kabla ya miezi miwili. Kuhusu mhudumu, Matroni alisema wataongea ofisini.

"Mimi ndiye niliyemfundisha kuficha," Mama Simu akasema. Maneno yalitoka laini, hayana mifupa. "Ukimfukuza yeye, unifukuze na mimi."

"Wewe hufukuzwi, mama," Matroni akasema kwa uchovu. "Wewe unaishi hapa."

*

Alioga. Alivaa gauni la bluu, akajifunga kitambaa kichwani, mtandio akauacha kwenye msumari. Kengele ya chakula cha mchana ilipolia alikuwa tayari kwenye korido, kama msichana anayekwenda kwenye usaili. Njiani alikuwa akijaribu sentensi ya kwanza. Angesema: Mzee Mpima, nimepoteza meno, sauti yangu imebaki hivi, ukitaka tutembee tutembee. Aliirudia mara tatu. Haikuwa mbaya sana, ilisikika ukizoea.

Ukumbini watu waligeuka. Wanawake wawili waligusana viwiko, mmoja akasema kwa sauti aliyodhani ni ndogo, "Kumbe." Mama Simu aliwaamkia kwa kichwa, akapita. Alikwenda hadi meza ya pembeni, akaketi mahali pake, akangoja. Kiti cha mbele yake kilikuwa kitupu. Alimngoja hadi uji ukapoa.

"Mzee Mpima amechelewa leo," akamwambia mpishi.

Mpishi ilibidi amwinamie ili amsikie. Alipoelewa, aliweka chini bakuli alilokuwa amelishika.

"Hujaambiwa? Wameshamshusha. Asubuhi hii hii, walianza na wanaume."

"Kwa nini?"

"Fomu. Hajatembea, mama. Wiki tatu hizi anasimama pale mlangoni, akichoka anaketi pale pale, hata chakula anakataa kuingia. Ukimwambia njoo nikushike anasema asante, namngoja mtu. Wakaona hajielewi tena."

Mama Simu hakugusa uji. Alikaa akikitazama kile kiti, na mtu yeyote pale ukumbini angeweza kuona kwamba analia, kwa kuwa uso wake sasa haukuwa na kitu cha kuushikilia.

*

Jengo la chini waliruhusu wageni saa kumi. Mhudumu wa huko alimwelekeza kitanda cha mwisho, ukutani. Mzee Mpima alikuwa amelazwa katikati ya vyuma viwili, amevalishwa shati la mtu mwenye mikono mifupi, mikono yake mirefu imetoka nje hadi karibu na kiwiko. Kofia hakuwa nayo. Mama Simu hakuwahi kumwona bila kofia, na alishangaa jinsi kichwa chake kilivyokuwa kidogo.

"Nani?" Mzee Mpima akauliza.

"Ni mimi."

Aligeuza sikio. "Mimi nani?"

Ile sentensi aliyoiandaa ilikuwa imekwisha kutoka kichwani. "Mama Simu," akasema.

Mzee alikunja uso kama mtu anayepima umbali kwenye ukungu. "Sema tena."

Akasema tena. Kisha akavuta kiti, akaketi, akamweleza yote kwa ile sauti iliyobaki: fundi na mwanya aliouagiza, beseni, ndoo moja ya maji, Bibi Kimya, jeneza, leo. Hakupunguza. Alipofika kwenye mafua ya uongo, Mzee Mpima aliinua kidole kumsimamisha.

"Kwa hiyo ni meno."

"Ni meno."

"Meno tu."

"Meno tu, Mzee. Nilikuwa naona aibu unisikie hivi."

Mzee Mpima alilaza kichwa kwenye mto. 

"Mimi nilidhani nimekukosea," akasema. "Siku ya mwisho nilikuambia unaenda haraka. Nikasema, labda ni hilo, amekasirika. Siku ya pili nikasema hapana, labda ni ule mzaha nilioutoa kuhusu mlinzi. Kisha nikasema labda nilikushika kiwiko kwa nguvu, na wewe una baridi yabisi. Siku ishirini na moja, Mama Simu, nimesimama mlangoni napekua maneno yangu mwenyewe, moja moja, natafuta ni lipi. Nilitaka ukipita nikuombe radhi kwa lile lile lenyewe."

"Hukunikosea kitu."

"Sasa najua," akasema.

Mama Simu aliinuka.  Aliishika ile mikono iliyokuwa nje ya shati, akairudisha chini ya shuka, mmoja mmoja. Baadaye kidogo mhudumu wa chini alikuja na funguo, akamwambia kwa heshima zote kwamba muda wa wageni umekwisha, akamsindikiza hadi mlangoni, na alipokwisha kutoka akaufunga.